Kambi za mateka Waitaliano Kenya: maswali mnayoniuliza kila siku, na majibu yangu

Nimechoka kujibu haya maswali moja moja kwa simu kwa hivyo nimeamua kuyaweka yote hapa. Mimi huzungusha wageni sehemu za Nyeri na Nanyuki, na kila safari, iwe ni familia kutoka Nairobi ama wazee wa kanisa, lazima mtu aulize "kwani Waitaliano walikuwa wanafanya nini huku?" Basi someni, na mkija tutaongea mengine.

Kwani kweli Kenya kulikuwa na kambi za mateka wa vita?

Ndio, tena nyingi. Kuanzia 1941 mpaka vita vimeisha na hata baada ya hapo, Waingereza walifungia Waitaliano ndani ya seng'enge sehemu mbalimbali za Kenya, sana sana nyanda za juu. Watu wengi wakisikia kambi Kenya wanafikiria za miaka ya hamsini, za wakati wa Mau Mau, na hiyo ni haki yao kwa sababu hizo ndizo zilizotuuma sisi. Lakini seng'enge ilikuwa imeshafika zaidi ya miaka kumi mapema, na waliokuwa ndani wakati huo walikuwa Wazungu.

Walitoka wapi? Si Italia ni mbali?

Hawakutoka Italia moja kwa moja. Walikuwa majirani. Italia ilivamia Uhabeshi Oktoba 1935, ikatumia mpaka gesi ya sumu, ikaunganisha Uhabeshi, Eritrea na Somalia ikawa ni koloni moja kubwa limetuzunguka huku kaskazini. Tarehe 10 Juni 1940 Mussolini akaingia vitani upande wa Hitler na papo hapo mpaka wa Kenya ukawa uwanja wa vita. Mwezi uliofuata Waitaliano wakachukua Moyale. Ndege zao ziliangusha mabomu hata Malindi, kitu ambacho ukimwambia mtu wa Malindi leo anacheka akidhani unamtania.

Mwanzo wa 1941 mambo yakageuka. Upande wa Waingereza, Jenerali Cunningham akatokea Kenya na majeshi ya KAR (King's African Rifles, jeshi la Waafrika wa huku chini ya Waingereza), Wanaijeria, watu wa Gold Coast, Ghana ya leo, na Makaburu wa Afrika Kusini, na Jenerali Platt naye akashukia Eritrea kutokea Sudan. Mogadishu ikaanguka 25 Februari, Addis Ababa 6 Aprili, na tarehe 5 Mei Haile Selassie akaingia mjini kwake, miaka mitano kamili tangu Waitaliano waingie hapo. Yaani kutoka mto Juba mpaka Addis haikufika hata miezi miwili! Waitaliano walikuwa wanajisalimisha kwa maelfu na hiyo ndiyo ikawa shida mpya, hawa watu wote unawaweka wapi? Huwezi kuwaacha Uhabeshi. Wengine wakapelekwa Afrika Kusini kwenye kambi kubwa ya Zonderwater, wengine India, na wengi wakaletwa Kenya, meli mpaka Mombasa halafu garimoshi la kupanda bara.

Walikuwa wangapi?

Zaidi ya 50,000. Ukitaka kujua hiyo ni nyingi kiasi gani, Wazungu wote waliokuwa wanaishi Kenya wakati huo, masetla na wake zao na watoto wao na maofisa wa serikali, hawakufika 30,000.

Kambi zenyewe zilikuwa wapi?

Nanyuki, Nyeri, Burguret, Gilgil, Naivasha, Londiani, Eldoret, Ndarugu, na nyingine ndogo ndogo za kazi za barabara ambazo zilikuwa zinahama na kazi yenyewe. Nyingi zilikuwa karibu na reli ama barabara kubwa na mahali pa baridi. Zilipewa namba, ya Nanyuki kwa mfano ilikuwa Kambi namba 354, na hiyo ndiyo maarufu kwa sababu ya ile stori ya mlima nitakayowapa hapo chini.

Msije mkitegemea kuona mabanda. Yalikuwa ya mbao, mabati na udongo, na vita vilipoisha kila kitu chenye faida kilibebwa. Mabati ya Nyandarua na Laikipia ya miaka hiyo sijui mangapi yametoka kambini, lakini mimi nawajua watu wa huku, bati halikai bure.

Maisha ndani yalikuwaje? Walikuwa wanateswa?

Kuteswa hapana, si kwa maana tunayoijua sisi. Kulikuwa na Mkataba wa Geneva wa 1929 na Waingereza waliufuata kwa kiasi kikubwa, kwa sababu rahisi tu kwamba kuna Waingereza wengi nao walikuwa mateka mikononi mwa Waitaliano na Wajerumani, ukimpiga wa kwangu nampiga wa kwako. Mkataba ulisema mateka ale chakula sawa na askari wa nchi iliyomshika akiwa kambini, na ofisa asilazimishwe kufanya kazi, na tena alipwe mshahara. Hao maofisa basi walikuwa wanakaa bure tu mchana kutwa.

Na hapo ndipo mateso yenyewe yalipokuwa. Kukaa. Fikiria mtu wa miaka thelathini, msomi, yuko kwenye banda na wanaume wengine kibao, mvua ya masika inanyesha wiki baada ya wiki, barua ya nyumbani ikifika imechukua miezi, na hajui anatoka lini. Mfungwa wa jela ana hesabu yake, mwaka mmoja ama kumi anahesabu siku. Mateka wa vita hana hesabu. Walilima mboga, wakasomeshana lugha, wakacheza mpira na michezo ya kuigiza, wakagombana kwa sababu ya siasa za Mussolini, wakagombana kwa sababu ya nafasi ya kuanika soksi. Sigara ndiyo ilikuwa pesa, kila kitu bei yake ilikuwa sigara.

Wale askari wa kawaida walitolewa kwenda kufanya kazi, na nadhani kuna siku waliwaonea maofisa huruma.

Nani alikuwa anawalinda?

Hili ndilo swali ninalolipenda na ndilo watu wanauliza mara chache zaidi.

Wakubwa wa kambi walikuwa Waingereza. Lakini aliyesimama getini na bunduki usiku wa baridi ya Nanyuki, hiyo baridi ya kuingia mpaka kwenye mifupa, alikuwa askari Mwafrika. Sasa tulia kidogo ufikirie hiyo picha. Ni 1942. Huyu askari nje ya jeshi anavaa kipande shingoni, ile karatasi kwenye kijikebe cha chuma, na hawezi kutoka rizavu, ile ardhi Waafrika walitengewa, kwenda kutafuta kazi bila hiyo. Mzungu akipita anavua kofia. Na saa hii amepewa bunduki na ameambiwa, huyu Mzungu akivuka hii laini mpige.

Marehemu babu yangu alikuwa kijana wakati huo, hakuwa jeshini, alikuwa anachunga ng'ombe za setla mmoja upande wa Naro Moru. Alikuwa anatuambia siku ya kwanza kuona Wazungu wamepangwa mistari wakichimba mtaro, kifua wazi, jua linawachoma mpaka wanabambuka, walikimbia kuitana. Hawakuamini. Kuna mzee mwenzake alisema hao si Wazungu kamili. Babu alikuwa akifika hapo anacheka peke yake, na anarudia, "ati si kamili".

Sitaki kuipamba hii stori. Posho ya askari Mwafrika na chakula cha askari Mzungu vilipimwa kwa mizani tofauti jeshini, na mshahara pia, kwa hivyo mara nyingine huyo anayelinda alikuwa anakula vibaya kuliko anayelindwa. KAR hao hao wakaendelea mpaka Madagaska 1942, kisha Burma. Mmoja wao alikuwa kijana wa Nyeri anaitwa Waruhiu Itote, aliingia jeshini 1942, akapigana Burma, na baadaye akarudi msituni kwenye mlima huo huo wa Kenya kama Jenerali China. Sisemi kambi za Waitaliano ndizo zilizoleta Mau Mau, nasema tu watu waliona mambo na macho yao yakazoea.

Ni kweli wao ndio waliojenga barabara ya Mai Mahiu na lile kanisa dogo?

Ndio. Ile barabara ya kuteremka eskapmenti kutoka upande wa Limuru kwenda Mai Mahiu na kuelekea Naivasha, kazi ya mikono ya mateka hao, wakati wa vita. Ukiwa ndani ya matatu na dereva anapiga kona huku lori la trela liko nyuma yako linapumua breki, angalia kuta za mawe upande wa mlima. Watu walikaa hapo na nyundo.

Na chini kabisa, kando ya lami, kuna kanisa. Lilijengwa 1942, ni la Bikira Maria wa Malaika, na wengine huliita kanisa la wasafiri. Ni dogo kiasi kwamba ukiingia na familia yako na familia ya dada yako limejaa, watu kumi na wawili hivi na hakuna nafasi ya begi. Lakini ukilitazama kwa nje lina kila kitu, paa, msalaba, mlango wa heshima, kama vile mtu alichukua kanisa la kijijini kwao akalikunja. Mara ya kwanza nilipita hapo nikiwa mtoto nikadhani ni la kuchezea. Siku hizi nikisimama na wageni, wenyewe wanapiga foto dakika mbili, halafu wanavuka barabara kwenda kununua mahindi ya kuchoma na zile kofia za ngozi ya kondoo, na mimi nabaki nimesimama mlangoni kwa sababu kuna utulivu fulani hapo ndani hata malori yakipita mita chache tu kutoka ulipo.

Kitu cha kujua ni kwamba hakuna aliyewaamrisha kujenga kanisa. Barabara ilikuwa amri. Kanisa walilijenga kwa hiari yao.

Kuna stori ya mateka waliotoroka kambini ili tu wakapande Mlima Kenya halafu wakarudi. Hiyo si ni hadithi ya kutungwa?

Ni kweli tupu, na mimi nimeisimulia mara nyingi kuliko jina langu.

Felice Benuzzi alizaliwa Vienna 1910, akakulia Trieste, na vita vilimkuta akiwa mtumishi wa serikali ya kikoloni ya Italia huko Addis Ababa. Akaishia Kambi 354 Nanyuki. Wale mnaoijua Nanyuki mnajua vile mlima unafanya, msimu wa mvua unaweza kukaa wiki nzima huoni kitu, ni mawingu tu, unaweza kuapa hakuna mlima. Halafu asubuhi moja mapema mawingu yanafunguka na unakuta jitu zima limesimama juu yako, jeusi na barafu bluu mabegani. Benuzzi aliuona hivyo mwaka 1942 na kuanzia hapo akapata kitu cha kufikiria. Alikuwa mpanda milima tangu kwao.

Akatafuta wenzake. Akapata Giovanni Balletto, daktari, ambaye naye alikuwa anajua milima, na Vincenzo Barsotti waliyekuwa wakimwita Enzo, huyu hakuwa mpandaji lakini wenzake kambini walishamwona ana kichaa cha kutosha. Wakajiandaa kwa miezi.

Sasa vifaa. Hapa ndipo hunyamaza kidogo wageni wafikirie. Huna duka, huna pesa, una sigara na una jalala la kambi. Nyundo mbili waliziiba na kuzifua upya zikawa mashoka ya barafu. Miba ya chuma ya kufunga chini ya viatu, ile ya kutembelea kwenye barafu, ilitoka kwenye mabati ya gari bovu na nyaya za seng'enge, yaani ile ile seng'enge iliyowafungia. Kamba za kupandia zilikuwa kamba za mkonge za vitanda vyao, na mtu yeyote ambaye amewahi kufunga ng'ombe na kamba ya mkonge anajua siwezi kuning'inia hapo mimi. Chakula walikuwa wanakiweka akiba kidogo kidogo wakijinyima. Ramani hawakuwa nayo. Walichokuwa nacho ni lebo ya mkebe wa nyama, chapa ya Kenylon, iliyokuwa imechorwa Mlima Kenya kwa pembeni. Hiyo ndiyo waliitumia kusoma upande mmoja wa mlima!

Na ufunguo. Kulikuwa na geti la kwenda kwenye bustani za mboga. Benuzzi akaupata ufunguo kwa dakika chache, akaugandamiza kwenye kipande cha lami, na fundi mmoja wa humo ndani akachonga wa kufanana nao.

Tarehe 24 Januari 1943 wakatoka, wakiacha barua. Wakafuata bonde la mto Nanyuki kwenda juu, usiku kwanza wakiogopa watu, kisha mchana wakiogopa wanyama, kwa sababu msitu ule una tembo na chui na wao silaha yao ilikuwa hizo nyundo. Enzo akazidiwa na ugonjwa akabaki kwenye hema. Benuzzi na Balletto wakajaribu Batian yenyewe, kilele cha juu kabisa, mita 5,199, wakitokea upande mgumu, dhoruba ya theluji ikawarudisha. Hawakuwa na njia wala chakula wala nguvu. Siku mbili baadaye, 6 Februari, wakafika Lenana, kilele kingine cha chini yake, mita 4,985, wakasimika bendera ya Italia na kuacha chupa yenye majina yao.

Halafu wakarudi. Njaa ilikuwa karibu kuwaua kwenye kuteremka kuliko kwenye kupanda. Baada ya siku 18 wakajirudisha kambini wenyewe.

Walipewa adhabu gani?

Siku 28 za kufungiwa peke yao. Kamanda Mwingereza akawatoa baada ya siku 7, akisema ni kwa heshima ya roho yao ya kimichezo. Waingereza na michezo yao.

Mbona hawakukimbia moja kwa moja?

Wapi? Kaskazini kote ni Waingereza, Uganda na Tanganyika ni Waingereza, Kongo ni Wabelgiji. Nchi ya karibu isiyokuwa vitani ilikuwa Msumbiji ya Wareno, zaidi ya kilomita elfu moja kwa miguu, na wewe ni Mzungu hujui Kiswahili, kila kijiji unachopita kinajua leo umepita. Wachache sana walifika. Kwa hivyo mlima haukuwa njia ya kukimbia, walitaka tu kujichagulia kitu wenyewe hata kama ni siku 18.

Benuzzi alirudishwa kwao 1946, akaandika kitabu ambacho kinasomwa mpaka leo, akawa mwanadiplomasia, akafariki 1988. Balletto yeye Afrika ilimshika, na ukisoma ramani za wapanda milima za Kilimanjaro utakuta kuna sehemu ya barafu inaitwa Balletto.

Huyo Duke wa Aosta aliyezikwa Nyeri ni nani?

Amedeo wa Savoy, binamu wa mfalme wa Italia, na ndiye aliyekuwa gavana mkuu wa koloni lao lote la Afrika Mashariki. Mtu mrefu ajabu, karibu mita mbili. Akiwa kijana aliwahi kuishi Kongo ya Wabelgiji akifanya kazi kwenye kiwanda cha sabuni kama mtu wa kawaida, kwa hivyo Afrika alikuwa anaijua kabla ya kupewa cheo. Alijifungia na jeshi lake kwenye mlima wa Amba Alagi, akaishiwa, akajisalimisha Mei 1941, na Waingereza wakampa heshima zote za kijeshi.

Wakamleta Kenya, wakamweka kwenye nyumba moja Ol Donyo Sabuk. Hakumaliza hata mwaka. Malaria na kifua kikuu vikammaliza kwenye hospitali ya jeshi Nairobi tarehe 3 Machi 1942, miaka 43. Baada yake mkubwa wa mateka akawa Jenerali Nasi, yule aliyekuwa wa mwisho kujisalimisha, Gondar, Novemba 1941.

Italia si iliacha vita 1943? Mbona walikaa mpaka 1946?

Hili liliwauma kweli. Tarehe 8 Septemba 1943 ikatangazwa kwamba Italia imesalimu amri, na mwezi uliofuata ikageuka ikatangaza vita na Ujerumani. Yaani mateka wameamka asubuhi nchi yao sasa ni rafiki wa aliyewafunga, lakini geti bado limefungwa. Waingereza wakawauliza mmoja mmoja, uko tayari kushirikiana na sisi ama la? Waliokubali walipata uhuru wa kiasi, wakafanya kazi mashambani na kwenye gereji bila mlinzi nyuma yao. Waliokataa, wengine kwa sababu walikuwa Mafashisti kwelikweli na wengine kwa sababu tu walikuwa wameapa kwa mfalme na hawakutaka kuapa mara mbili, wakabaki ndani. Ndugu waliokuwa wanakula meza moja wakaacha kuongea.

Halafu vita vikaisha na meli hazikuwepo. Askari wa Uingereza walirudishwa kwanza, mateka wakasubiri laini.

Baada yao hizo kambi zilifanyiwa nini?

Nyingi zilibomolewa. Lakini nchi ilikuwa imeshajifunza jinsi ya kufungia watu wengi kwa mara moja na hiyo elimu haikupotea.

Gilgil, Machi 1947, wakaletwa Wayahudi zaidi ya 200 wa vikundi vya Irgun na Lehi waliokuwa wanapigana na Waingereza huko Palestina. Walikuwa wameshazungushwa Eritrea na Sudan kabla ya hapo, wanachimba mahandaki ya kutorokea kila mahali walipowekwa. Mmoja wao, Yaakov Meridor, alitoroka Gilgil mwaka 1948 na akafanikiwa. Mwingine, Meir Shamgar, alisoma sheria kwa posta akiwa kwenye hizo kambi za Afrika, na baadaye akawa jaji mkuu wa Israeli. Waliobaki walirudishwa Julai 1948, nchi yao ikiwa na miezi miwili. Watu wa Gilgil wengi hawaijui hii kabisa, nimewauliza.

Halafu 20 Oktoba 1952 ikatangazwa hali ya hatari, na seng'enge ikafunguliwa tena, Langata, Mackinnon Road, Manyani, na mamia ya vijiji vya kulazimishwa huku Mkoa wa Kati. Wakati huu hakukuwa na Geneva. Serikali ilisema hawa si mateka wa vita, ni wahalifu, kwa hivyo hakuna barua, hakuna chakula sawa na cha askari, hakuna kamanda wa kukupa siku 7 badala ya 28 kwa roho ya kimichezo. Pale kambi ya Hola waliuawa wafungwa 11 kwa kipigo, kwa sababu walikataa kazi ya kulazimishwa. Tarehe ilikuwa 3 Machi 1959. Ndio, tarehe na mwezi ule ule aliofariki Duke. Ni bahati mbaya ya kalenda tu, lakini mimi kila Machi inanijia.

Waitaliano wa Malindi ni wajukuu wa hao mateka?

Hapana jamani. Hao walikuja baadaye, kwanza kwa ajili ya kituo cha kurushia setilaiti cha San Marco pale Ngwana, ambako setilaiti ya Uhuru ilirushwa 12 Desemba 1970, halafu utalii, halafu piza. Karibu mateka wote walirudi kwao.

Na wale Wapolandi wa Tengeru, Arusha, nao walikuwa mateka?

La. Wale walikuwa wakimbizi, sana sana akina mama na watoto, waliotolewa Urusi wakapitia Uajemi, wakafika Tanganyika kuanzia 1942. Makaburi yao bado yapo na yanatunzwa. Ni stori nyingine kabisa na inastahili mtu wa Arusha aiandike.

Nikitaka kuona kilichobaki niende wapi?

Mai Mahiu ukiwa njiani, dakika kumi zinatosha. Nanyuki nenda kwa ajili ya mlima, amka saa kumi na moja alfajiri usimame mahali wazi, kama una bahati utaona walichokiona.

Lakini kama una siku moja tu, nenda Nyeri. Kuna kanisa la Waitaliano, lilimalizika 1952. Wamisionari wa Consolata, Wakatoliki kutoka Italia, walikuwa Nyeri tangu mwanzoni mwa miaka ya 1900 kwa hivyo mji ulikuwa umezoea padre Mwitaliano. Ndani kuna mifupa ya askari 676 waliofia kambini, kwa malaria, kwa kuhara, kwa ajali za kazi. Wamewekwa kwenye kuta, kila mmoja na kijimlango chake na jina, juu mpaka chini, kama masanduku ya posta. Duke naye yuko humo kati ya watu wake. Watu wa ubalozi wa Italia huja kuwafanyia misa ya kumbukumbu.

Nenda katikati ya wiki, kunakuwa kimya, tafuta mtu wa kukufungulia, ongea naye vizuri na umwachie cha chai. Nilipeleka mzee mmoja wa Tetu mwaka juzi, amestaafu ualimu. Alisoma majina polepole, ukuta mzima, kidole kikipita kwenye kila mstari. Tulipotoka nje akauliza hilo kanisa lilimalizika mwaka gani vile. Nikamwambia 1952. Akanyamaza. Tulikuwa tumefika kwenye gari ndipo akasema Dedan Kimathi, yule kiongozi wa Mau Mau, alikamatwa hapo Tetu, Oktoba 1956, wakamnyonga jela ya Kamiti 18 Februari 1957, na familia ikaachwa ikitafuta kaburi. Halafu akafunga mkanda, akaniambia tupitie sokoni anunue parachichi.